Kuchagua wazazi wa chaza bila kupoteza vinasaba: mwongozo kamili kwa kituo cha kuzalisha vifaranga

Jike mmoja wa chaza wa Pasifiki (Magallana gigas, ambaye vitabu vingi bado vinamwita Crassostrea gigas) akiwa amekomaa vizuri hutoa makumi ya mamilioni ya mayai kwa siku moja. Neema hiyo ndiyo inayowaponza wazalishaji. Jike mmoja na dume mmoja wanaweza kujaza matangi yote ya kituo, na vifaranga watakaotoka wataonekana wazuri tu. Hasara huja baadaye, pale vifaranga hao wanapokua na kufanywa wazazi. Dada anakutana na kaka, lava (wachanga wanaoogelea, kabla ya kutua) wanakufa bila sababu inayoonekana, waliobaki wanadumaa, na ugonjwa ukiingia ghubani unafagia shamba zima kwa sababu wote ni watoto wa nyumba moja.

Mwongozo huu unafuata chaza wa Pasifiki kwa kuwa ndiye anayefugwa sehemu nyingi zaidi duniani na ndiye aliyechunguzwa sana. Hatua nyingi zinamfaa pia chaza wa mashariki ya Marekani (Crassostrea virginica). Haziwafai chaza wa jenasi ya Ostrea, kama chaza bapa wa Ulaya. Huyo hulea lava wake ndani ya ganda, kwa hiyo mayai yake hayawezi kukamuliwa.

Hesabu ya kufanya kabla ya kushika kisu

Kinacholinda vinasaba ni idadi ya wazazi waliochangia kweli, tena kwa usawa. Wingi wa chaza waliomo tangini hautoshi. Kanuni yake ni rahisi: zidisha madume kwa majike, zidisha kwa 4, kisha gawanya kwa jumla yao. Jibu ni idadi halisi ya kijenetiki. Majike 25 na madume 25 wanakupa 50. Majike 50 na madume 2, ambao jumla yao ni chaza 52, wanakupa 7.7 tu.

Sasa gawanya 1 kwa mara mbili ya idadi hiyo, upate undugu unaoongezeka kila kizazi. Kwa idadi halisi ya 50, ongezeko ni asilimia 1. Kwa 7.7 ni asilimia 6.5, na ukiendelea hivyo vizazi vitano unafika karibu asilimia 28, yaani umepita hata mtoto wa kaka na dada, ambaye ana asilimia 25. Chaza hawavumilii hali hiyo. Spishi hii hubeba jeni nyingi zilizofichika zinazoua zikirithiwa kutoka pande zote mbili, nyingi kuliko wanyama wengi wa kufugwa. Ndiyo maana kuoanisha ndugu kwa chaza kunaumiza haraka, na maumivu huanzia kwenye lava.

Tena hesabu hiyo inadhani kila mzazi amechangia sawa. Ukiwaacha chaza 50 wazaliane pamoja tangini, wachache watatoa watoto karibu wote, kwa kuwa manii ya dume mmoja huwahi, mayai ya jike mmoja huwa bora, na lava wa familia moja (watoto wa jike mmoja na dume mmoja) hukimbia wengine. Wazazi 50 wanaweza kukuachia idadi halisi isiyofika 10. Karibu kila hatua inayofuata imewekwa ili kuziba tundu hilo.

Wazazi wa mwanzo

Anza na wazazi wasiopungua 50 wa kila jinsia, kutoka sehemu tatu au zaidi zisizotegemea kituo kimoja. Uliza asili yao. Mashamba matano yaliyonunua vifaranga kwa mzalishaji mmoja ni chanzo kimoja.

Changanya umri. Wengi wa chaza hawa huanza maisha wakiwa madume, na baadhi hugeuka majike wanapokua. Ukichukua wa mwaka mmoja tu utajaza madume. Ukichukua wakubwa tu utazidisha majike. Chukua wa miaka miwili hadi minne.

Kila mzazi apewe namba. Kausha ganda, lisugue kwa brashi ya waya, bandika kipande cha plastiki chenye namba kwa gundi ya haraka, kisha rudia namba hiyo upande wa pili wa ganda, maana vibandiko hudondoka. Kata kipande cha shavu (kiungo cha kupumulia) au cha ukingo wa nyama chenye milimita 2 hadi 3, kitie kwenye ethanoli ya asilimia 95, ujazo wa ethanoli uwe mara kumi ya nyama, na ibadilishe kesho yake. Ukiruka hatua hii sasa huwezi kuirudia, kwa sababu mzazi akishapasuliwa na kutupwa, ushahidi wake umekwenda naye. Kwa mzazi unayetaka abaki hai, mlegeze kwa magnesiamu kloridi, gramu 50 kwa lita ya maji ya bahari yaliyochanganywa na maji baridi (yasiyo na chumvi), kwa saa kadhaa hadi ganda lifunguke lenyewe.

Kuwakomaza na kutungisha

Waweke wazazi kwenye maji ya nyuzi 18 hadi 22 kwa wiki 4 hadi 8, wakipata chakula kingi cha mwani wa hadubini. Kwa kazi ya familia usitumie mshtuko wa joto tangini ili watage pamoja. Kamua mmoja mmoja.

1. Osha chaza kwa maji baridi, mfungue, na ufute nyama kwa karatasi safi. Chota tone la tezi za uzazi ulidondoshee kwenye kikombe cha maji ya bahari. Mayai hutawanyika kama chembe za unga; manii huacha mkia wa maziwa. Thibitisha kwa hadubini, kwani wako wachache wenye jinsi zote mbili, na hao waache.

2. Baina ya chaza mmoja na mwingine osha kisu, mikono na meza kwa maji baridi. Maji baridi huua manii. Wengi huona hatua hii ni usumbufu, na ndiyo inayovuruga ukoo wote wa kituo.

3. Pitisha mayai kwenye chujio la maikromita 60 hadi 90 kuondoa vipande vya nyama, yanasie kwenye la 20 au 25, yasuuze, kisha yaache kwenye maji ya nyuzi 24 hadi 25 kwa muda wa saa moja. Yai lililokamuliwa huwa na umbo la pea. Likishakaa majini hugeuka duara, na hapo ndipo liko tayari.

4. Chota mayai kidogo ya kila jike uyatie kwenye kikombe chake bila manii. Baada ya saa mbili yaangalie. Yakiwa yameanza kugawanyika, manii ya dume mwingine yalikwishaingia. Familia hiyo itupwe, hata kama inauma.

5. Jike mmoja, dume mmoja, ndoo moja. Tia mililita 2 za maji ya manii yaliyokolea kwa kila lita ya maji ya mayai, koroga polepole, subiri dakika kadhaa, kisha tazama. Manii 5 hadi 10 pembeni ya kila yai yanatosha. Yakizidi sana, yai moja huingiwa na manii zaidi ya moja, na keshoyake utaona lava waliopinda. Yakipungua, utabaki na mayai matupu.

Usichanganye manii ya madume kadhaa kwenye ndoo moja kwa kuogopa dume mbovu. Dume mwenye nguvu atachukua mayai karibu yote na wewe utaandika daftarini kwamba madume watano walishiriki. Kama unamwogopea dume fulani, gawa mayai ya jike kwenye ndoo mbili, kila ndoo na dume wake.

Lenga familia 50 na uzitengeneze ndani ya siku chache. Familia zilizopishana mwezi mzima huwezi kuzilinganisha kwa haki.

Lava: vinasaba hupotelea kwenye chujio

Baada ya saa 24 utapata lava wenye umbo la herufi D. Wapange 10 kwa kila mililita, yaani milioni 1 katika tangi la lita 100, kila familia tangi lake. Badilisha maji kila baada ya siku mbili na lisha mwani laini kama Isochrysis na Chaetoceros, ukianza na seli zipatazo 30,000 kwa mililita na kuongeza kadiri wanavyokua. Punguza msongamano pole pole hadi wabaki 1 au 2 kwa mililita karibu na kutua. Kwa nyuzi 25 huchukua wiki mbili hadi tatu kufikia hatua ya jicho na mguu, urefu wa ganda ukiwa karibu maikromita 300.

Katika uzalishaji wa kawaida mafundi huchuja lava kila wanapobadilisha maji na kutupa wadogo, ili waliobaki watue siku moja. Kwa biashara inaokoa kazi. Kwa ukoo ni hasara kubwa, kwani wanaochelewa mara nyingi si wagonjwa, ni familia nyingine tu yenye mwendo wake. Kukua haraka ukiwa lava hakumaanishi kukua haraka ukiwa chaza mkubwa. Ukichuja kwa ukali tangi lenye familia mchanganyiko, unaweza kuzifuta baadhi yake kabla hazijaona bahari. Vua waliokomaa kwa chujio la maikromita 240 na wanaobaki warudishe tangini. Wape hadi siku 7 za ziada. Kinachofaa kutupwa ni maganda matupu na lava wasiosogea.

Kwa kutua, watumie chembe za ganda lililosagwa za maikromita 300 hadi 500, ili kila kifaranga akae peke yake na aweze kupimwa. Ganda zima hukupa vishada, na ndani ya kishada huwezi kujua nani alikufa. Chukua idadi sawa kwa kila familia, tuseme lava 20,000 wenye jicho. Vifaranga wakifika milimita 2 hesabu tena, chukua 1,000 kwa kila familia bila kuchagua wanono. Usawa huu ndio unaokupa idadi halisi uliyoipanga mwanzo.

Majaribio baharini

Kila familia iwe na vikapu vitatu katika kila eneo la majaribio, chaza 100 kwa kikapu, na nafasi ya kila kikapu kwenye kamba au meza ipangwe kwa kura. Kikapu cha pembeni hupata mkondo mwingi na chakula kingi. Ukiweka familia moja pembeni na nyingine katikati, utakuwa unapima mkondo.

Maeneo yawe mawili kwa uchache: moja lenye maji yenye chumvi kamili, jingine karibu na mlango wa mto. Familia inayoongoza huku inaweza kushika mkia kule. Hilo likitokea, amua unamzalishia mkulima yupi, au chagua familia zinazofanya vizuri pote hata kama si bingwa popote.

Weka pia kundi la kulinganishia lisilochaguliwa, linalozalishwa kila mwaka kwa njia ileile. Bila kundi hilo hutajua kama ongezeko limetokana na uteuzi au mwaka tu ulikuwa na chakula kingi majini.

Ugonjwa una taratibu zake. Virusi vya herpesi vya chaza (OsHV-1), ambavyo aina yake kali ilianza kuua kwa wingi Ufaransa mwaka 2008 na kufika Tasmania mwaka 2016, huwalenga zaidi wachanga maji yakipata joto. Jaribio lake basi hukamilika ndani ya msimu mmoja. Vimelea vya Perkinsus marinus kwenye chaza wa mashariki ya Marekani huua wakubwa, katika kiangazi cha pili au cha tatu, kwa hiyo anayepima kwa mwaka mmoja atapewa majibu ya uongo. Kwa vyote viwili gawa kila familia mafungu mawili: fungu moja lipelekwe kwenye maji yenye ugonjwa, fungu la pili libaki mahali salama. Chaza waliokwenda kwenye ugonjwa hawarudi kituoni kamwe, hata mmoja aliyenusurika akiwa mzuri namna gani. Wazazi unawachukua kutoka kwa ndugu zao waliobaki salama. Hapa ndipo familia zenye kumbukumbu zinapoushinda uteuzi wa macho, maana zinakuwezesha kumchagua chaza kwa majaribu yaliyompata ndugu yake.

Kazi hii yataka uvumilivu. Katika Ghuba ya Delaware, Marekani, kimelea cha MSX kiliua chaza kwa wingi kuanzia mwaka 1957, na kazi ya kuchagua wanaostahimili, iliyoanzishwa na Harold Haskin wa Chuo Kikuu cha Rutgers, imekuwa ya miongo.

Kuchagua

Kwa mkulima, kipimo kinachosema zaidi ni mavuno ya kikapu, yaani uzima na uzito kwa pamoja. Tuseme familia A imebakiza chaza 80 kati ya 100, wastani wa gramu 70; familia B imebakiza 55, wastani wa gramu 90. Kwa macho B inavutia. Kwenye mizani A ina gramu 5,600 na B ina 4,950, na huenda B wamekuwa wakubwa kwa kuwa wenzao walikufa wakawaachia nafasi. Mpango wa wazazi wa chaza wa Chuo Kikuu cha Oregon State, ulioanza mwaka 1996 huko Newport, ulijengwa juu ya kipimo hiki cha mavuno.

Kadiria faida kabla ya kuahidi wateja. Wastani wa kundi ukiwa gramu 60, wa wazazi uliowachagua gramu 75, na sehemu inayorithiwa ikiwa 0.3, watoto watapanda kwa 15 mara 0.3, yaani gramu 4.5. Anayetangaza kwamba watoto watakuwa na gramu 75 amesahau kuwa sehemu kubwa ya ukubwa wa mzazi ilitoka kwenye chakula na nafasi.

Kosa linalorudiwa na wengi ni kwenda kwenye shamba la mchanganyiko, kuokota chaza 30 wakubwa kuliko wote na kuwafanya wazazi. Hao thelathini wanaweza kuwa ndugu wa familia mbili tatu zilizobahatika. Badala yake, kati ya familia 50 chagua 15 hadi 20 zilizo juu, kisha ndani ya kila moja chukua chaza 3 au 4 bora, usizidishe. Familia ya kwanza ikiwa imezidi nyingine mbali sana, hata hivyo usivunje kikomo hicho. Faida utakayoipata kizazi kimoja utailipia katika kinachofuata.

Kuoanisha kizazi kijacho

Andika ukoo kwa namba fupi: mwaka, kisha familia, mfano 24-017. Kila familia mpya iwe na mama, baba, mababu wote wanne, tarehe, na tangi. Kanuni ya chini kabisa ni kutowaoanisha chaza wanaochangia babu au bibi. Ndugu wa baba mmoja mama mbalimbali huzaa mtoto mwenye undugu wa asilimia 12.5, watoto wa ndugu wawili, asilimia 6.25. Tumia hiyo ya pili kama kikomo kisichofikiwa.

Usitegemee kundi la mwaka mmoja. Vizuri kuwa na makundi mawili au matatu yanayopishana mwaka, na kila kizazi madume wa kundi moja waende kwa majike wa jingine. Kila baada ya vizazi viwili au vitatu ongeza familia chache zenye mzazi mmoja kutoka nje. Familia hizo zitashuka kidogo kimavuno mwanzoni; zipewe muda. Manii ya kila mwanzilishi yakigandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, unaweza kumrudia mzazi aliyekufa miaka mingi iliyopita.

Kupima vinasaba, na usomaji unaopotosha

Kila kizazi peleka sampuli za chaza 50. Pima mambo mawili: nani mzazi wa nani, na aina ngapi za jeni zimebaki. Angalia hesabu ya aina kwanza. Kipimo cha mchanganyiko wa jumla (ni chaza wangapi wana aina mbili tofauti za jeni) hushuka polepole sana. Aina adimu hupotea mara moja unapopunguza wazazi. Kituo kinaweza kuonyesha mchanganyiko karibu sawa na wa bahari huku kimeshapoteza sehemu kubwa ya aina adimu.

Jihadhari pia na vipimo vya satelaiti ndogo (vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia). Vinasaba vya chaza vimejaa tofauti ndogondogo, na baadhi ya aina hazishikwi kabisa na kipimo. Chaza mwenye aina mbili, moja isiyoonekana, husomeka kama ana moja, na kundi zima likaonekana limejaa undugu wakati sivyo. Hakiki kwa familia unazozijua wazazi wake kabla ya kuamini ripoti.

Kuhusu triploidi, chaza wenye seti tatu za kromosomu: hupatikana kwa kumwoanisha tetraploidi (mwenye seti nne) na chaza wa kawaida (mwenye mbili), hawakondi msimu wa kuzaa, na karibu hawazai. Ni bidhaa ya shambani, hawana nafasi kwenye ukoo. Ila ubora wao unatokana na mzazi wa kawaida uliyempika kwa hatua hizi, kwa hiyo hawakuondolei kazi.

Pwani ya Afrika Mashariki

Chaza wa miamba na mizizi ya mikoko kwetu, Saccostrea cucullata, anaweza kufugwa kwa vifaranga wanaonaswa baharini. Kwa upande wa vinasaba huo ni utajiri. Kila mnaso unaweza kubeba watoto wa wazazi wengi kuliko kituo chochote kingemudu. Asiye na kituo asikimbilie kujenga. Anase vifaranga katika miezi tofauti na sehemu tofauti, kwa kuwa mnaso wa siku chache unaweza kutoka kwa wazazi wachache. Asihamishe vifaranga kutoka ghuba moja kwenda nyingine ya mbali, kwani huhama na vimelea na jeni zisizozoea maji yale. Aache chaza wakubwa kwenye miamba iliyo juu ya mkondo wa eneo lake la kunasia, bila kuwachokonoa hata mmoja, kwa sababu hao ndio wazazi wake. Na kila mwaka achukue vipande 50 vya nyama kwenye ethanoli, aandike mahali na tarehe, aviweke mahali pa baridi. Siku atakapotaka kuanzisha kituo atakuwa na kipimo cha bahari ilivyokuwa kabla yake.